Maneno ya Mama wa Mtoni

Chumba cha kurekodia zamani kilikuwa stoo ya majoho ya kwaya, na bado kilinuka jasho la watu waliomwimbia Mungu miaka mingi bila dirisha kufunguliwa. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mshonaji aliketishwa kwenye kiti cha magurudumu, akapewa karatasi, akaambiwa aisogelee maiki kama mtu anayetaka kuinong'oneza siri.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema fundi mitambo wa kanisa. "Ni mistari minne tu. Mdomo wake ukianza kucheza, wewe unaanza kusoma. Ukifunga, na wewe unafunga."

Kwenye skrini palikuwa na mwanamke aliyesimama mtoni, maji yakimfika kifuani. Alivaa joho jeupe ambalo mshonaji alilishona kwa mikono yake mwenyewe, alilijua mpaka upindo. Mchungaji alikuwa amemshika bega kwa mkono mmoja, wa pili ameuinua juu. Mwanamke alikuwa akilia, akisema na kutikisa kichwa, lakini sauti yake ilikuwa imepunguzwa mpaka ikawa kama ya mtu anayegombezwa nyumba ya tatu.

Mshonaji alisoma karatasi polepole, kwa sababu alijifunza kusoma ukubwani na bado hakupenda kuharakishwa. Iliandikwa: *Nilikuwa nimepoteza kila kitu. Leo nimempata Mwokozi. Maji yaliyochukua nyumba yangu ndiyo yaliyonisafisha. Asanteni, ndugu zangu, kwa kunifikia.*

"Hakusema hivi," alisema.

"Najua, mama. Imefupishwa kidogo."

"Haikufupishwa, baba. Humu hamna hata neno lake moja. Mimi nilikuwa nimesimama hapa." Aliweka kidole pembeni mwa skrini, palipoonekana kiwiko cha mtu na ncha ya taulo. "Hiki ni kiwiko changu."

Fundi mitambo alicheka, akidhani anataniwa. "Kwani yeye alisema nini?"

"Alisema, nitoeni humu. Watoto wangu wamo humu. Nawakanyaga."

Yule kijana aliondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilitakiwa iwe tayari kabla ya Jumapili. Alijikuna shingo, kisha akasema kile ambacho watu wa kazi husema mambo yanapowazidi kimo.

"Ngoja nimwite Mama Mchungaji."

Mama Mchungaji aliingia na manukato yake, chumba kikawa kidogo zaidi. Alimwinamia mshonaji, akamkumbatia kwa upande. "Mdomo wetu!" alisema. Ndilo jina walilompa kwenye ile safari ya kwenda kuwasaidia watu wa mafuriko, maana katika kundi zima yeye peke yake aliijua lugha ya kule. Bibi yake mzaa mama alitoka huko, naye alilelewa jikoni kwa bibi. "Nasikia Mdomo wetu leo umegoma."

"Sijagoma, mama. Maneno haya si yake."

"Mwanangu, kuna kutafsiri mdomo na kuna kutafsiri moyo. Wewe umeng'ang'ana na mdomo."

"Moyo wake nao ulikuwa unasema hivyohivyo, mama."

Tabasamu la Mama Mchungaji halikuondoka, lilikauka tu palepale lilipokuwa. "Waliotoa yale mahema wanangoja kuona matunda. Tena safari ya pili inategemea filamu hii. Nikawaonyeshe mama anayesema nitoeni? Watauliza, nyinyi mlikwenda kuokoa watu au kuwazamisha?"

Mshonaji alitazama ile skrini, mahali ambapo mkono wa Mchungaji ulikuwa umesimama hewani. Alitaka kusema kwamba hilo lilikuwa swali zuri. Badala yake aliikunja karatasi, akaiweka juu ya meza, akatoka.

Kwao kulikuwa nyuma tu ya kanisa: vyumba viwili na kibaraza, mali ya kanisa, sawa na basi ambalo mumewe aliliendesha. Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua mboga, na jinsi alivyozichambua ungedhani zimemtukana.

"Nasikia umemjibu Mama Mchungaji."

"Sikumjibu, mama. Nilimweleza alichosema yule mwanamke."

"Ndiko kujibu kwenyewe huko." Bibi kizee alitupa kikonyo kwenye ndoo. "Mimi huyo mwanamke wako wa mtoni simjui. Mama Mchungaji namjua. Nilipolazwa, nani aliyeniletea shuka? Nani aliyekaa kitandani kwangu akaniombea mpaka nesi akamfukuza? Mto wako uliniletea nini?"

"Hamna, mama."

"Haya basi."

Mumewe alitokea nyuma ya basi akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mnyenyekevu, aliyezoea kuinama milangoni. "Mama watoto, njoo ndani," alisema. Walipofika ndani hakukaa.

"Ni mistari mingapi hiyo?"

"Minne."

"Minne." Alitikisa kichwa. "Mimi kila safari Mchungaji ananiuliza breki ziko sawa, namwambia ziko sawa kwa jina la Bwana. Na breki zile nazijua mwenyewe. Sasa wewe mistari minne imekukaba koo?"

"Breki hazikuzaa watoto wakafa."

Alitazama cherehani iliyokuwa dirishani, na sare za kwaya zilizokatwa nusu zikining'inia juu ya kamba. "Nisikilize. Hiyo filamu, yule mama ataiona? Ana umeme? Ana ukuta wa kutundikia televisheni?"

"Hana."

"Basi anayeumia ni nani?"

Mshonaji alivuta sare moja kwenye kamba, akaanza kuichomeka pini.

"Mimi nakuuliza jambo moja," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwa sababu masikio ya mama yake yalikuwa kibarazani na mikono tu ndiyo iliyokuwa kwenye mboga. "Wakitutoa humu, tunakwenda wapi? Mama huyu namlaza wapi? Watoto wakifunga shule wanarudi kwa nani? Niambie mahali, mimi nakwenda kuwasha gari sasa hivi."

Usiku ule na mchana uliofuata, mto haukumtoka. Akichota maji ya kunawa, alikuwa anayatazama kwanza.

Mafuriko yaliishukia nchi ile watu wakiwa wamelala, yakaondoka na mtaa mzima wa bondeni. Kundi la kanisa lilifika na lori la mahema na vizibao vya bluu vyenye jina la kanisa mgongoni. Siku ya kwanza Mchungaji alihubiri, mshonaji akatafsiri, na alipowaita wanaotaka kuokoka, mikono iliinuka yote kama mahindi shambani. Mchungaji alibubujikwa na machozi. Mshonaji hakulia, kwa sababu mwanamume mmoja alikuwa amemvuta kizibao mapema, akamuuliza kwa lugha yao, "Dada, hawa wako wanataka tuinue mkono mmoja au yote miwili? Wale wa wiki iliyopita walitaka miwili."

"Anasema nini?" Mchungaji aliuliza.

"Anauliza habari za maombi," mshonaji alijibu. Hilo alilikumbuka vizuri.

Mikono ile ndiyo iliyomtia Mchungaji hamu ya ubatizo, tena wa maji mengi, kama dini yao inavyotaka. Na maji mengi yalikuwa pale pale, mtoni. Hakuna hata mmoja katika kundi aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Wao wenyewe walibatizwa mtoni, wakatoka wakaimbiwa, wakapigwa picha na shada la maua. Kwao mto ulikuwa na maana moja tu. Hata mshonaji, alipokuwa akipiga pasi majoho kwa pasi ya mkaa ya kuazima, aliwaza tu kwamba majoho yale yatawatosha mabegani.

Kisha Mama Mchungaji alimwomba utepe. Mshonaji alikuwa na roli la utepe mweupe wa kupindia shingo za magauni, akaukata vipande. Aliyetoka majini alifungwa utepe mkononi, na mwenye utepe alielekezwa kwenye lori. Hakuna aliyetamka kwamba asiyebatizwa hapati hema. Hilo halikusemwa na mtu yeyote. Ila utepe ulifungiwa majini, na lori lilikuwa na mlango mmoja.

Yule mama alisimama ukingoni kwa muda mrefu. Alitazama lori, akatazama maji, akatazama tena lori. Nyuma yake baba yake mzee alikuwa amelala juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa, amefunikwa gunia. Akaingia. Katikati akagutuka, akaanza kusema yale maneno. Mshonaji, aliyekuwa ameshika taulo, aliyatafsiri yote kwa Mchungaji, neno kwa neno, wenzake wakiwa wanaimba. Mchungaji aliyasikia. Hilo pia alilikumbuka vizuri, kwa sababu alimwona akiyasikia.

"Mwambie sasa haya ni maji ya uzima," Mchungaji alisema, na kabla mshonaji hajafungua kinywa, mkono ulikuwa umeshashuka.

Mama alipoibuka alipiga ukelele, na ukingoni kundi likapiga makofi. "Tulia hapohapo, mama, jua limekaa vizuri," fundi mitambo aliita. Mama Mchungaji akafunga utepe. Yule mama alipopokea taulo alimkazia mshonaji macho.

"Wewe unaisikia lugha yangu."

"Naisikia, dada."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Katika safari nzima hapo ndipo mshonaji aliposhindwa kutafsiri. Yule mama alingoja, alipoona hajibiwi akaenda kuchukua hema.

Alhamisi wasichana wa kwaya walikuja kuchukua sare. Hawakusema wametumwa na nani. Walizitungua kwenye kamba zikiwa na pini bado, moja ikamchoma msichana mmoja kidole, akapiga yowe, mama mkwe akatoka mbio na kitambaa akamfunga huku akimtazama mkwewe kana kwamba pini ile aliichomeka yeye kwa makusudi.

"Zitamaliziwa wapi?" mshonaji aliuliza.

"Kuna fundi mwingine, mama," alijibu mkubwa wao, macho chini. "Tena samahani, tumeambiwa na kile kizibao cha bluu kilicho kwako kibaki tu mpaka Jumapili, halafu ukirudishe."

Jioni mumewe aliambiwa funguo ya basi iwe inalala ofisini. Aliyemwambia ni mlinzi, mtu aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, na alimwambia mbele ya watu waliokuwa wanasubiri kufungua mkutano wa maombi. Alimpa funguo. Nyumbani alikunywa chai yake amesimama, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkewe aliumia kwa kikombe kile kuliko kama angemfokea.

Mshonaji alikuwa mtu wa kuomba. Aliomba akiwasha jiko, aliomba akitia uzi kwenye sindano, na hakupenda kuomba kwa kelele kwa sababu aliamini Mungu yuko chumbani tayari. Wiki ile alipiga magoti na maneno hayakuja. Kila alipofumba macho aliuona mkono ukishuka, na mkono ule ulisema *kwa jina la* na likafuata jina ambalo yeye alilipenda kuliko yote. Alijisikia kama mtu aliyekuta chombo chake cha kunywea kimetumika kuzolea taka. "Bwana," alisema, "watu hawa wanakutumia." Zaidi ya hapo hakuendelea.

Ijumaa Mchungaji alikuja mwenyewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowachanganya. Alikaa kwenye kiti kibovu bila kusita, akamuuliza mama mkwe hali ya miguu, akacheka naye. Kisha akamgeukia mshonaji.

"Dada, mimi sitaki kukulazimisha. Sauti imeshatiwa na binti mmoja wa kwaya, kazi imekwisha. Ninachoomba ni Jumapili usimame na wenzako mbele, umevaa kizibao. Usiseme chochote. Ukikosekana, watu watauliza yule mkalimani yuko wapi, na maneno yatakuwa mengi."

"Nisimame tu?"

"Usimame tu. Kuna ugumu?"

"Na mume wangu?"

"Dereva wetu ni dereva wetu," alisema Mchungaji, akainuka. Mlangoni akaongeza, kwa upole kabisa, "Yule mama alipata hema, dada. Usisahau hilo. Analala pakavu na baba yake. Mimi nikimwona Bwana nitasema nilimpa hema."

Alipoondoka, mama mkwe alipumua kama aliyetua mzigo. "Umeona mtu wa Mungu? Mwingine angekutimua." Mumewe alimtazama tu, na katika kumtazama kule kulikuwa na ombi kubwa kuliko la Mchungaji. Mshonaji akakubali shingo upande. Kusimama tu. Hata nguzo husimama.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Pazia zilifungwa, skrini ikashushwa, na watu wa safari wakapangwa mbele, kando ya madhabahu, katika vizibao vyao vya bluu. Mshonaji aliwekwa karibu na mwisho, jirani na spika kubwa.

Filamu ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeweza kukataa kwamba ilikuwa nzuri. Mto uling'aa kama fedha. Mama wa mtoni alipotokea, kinanda kilipanda polepole, na sauti ya binti wa kwaya, laini, yenye kilio kidogo kilichopimwa, ikasema, *Nilikuwa nimepoteza kila kitu.* Kanisa zima likaguna kwa huruma. *Maji yaliyochukua nyumba yangu ndiyo yaliyonisafisha.* Mwanamke mmoja akaanguka kwa magoti kati ya viti.

Lakini fundi mitambo hakuwa ameifuta sauti ya mwenyewe. Aliiacha chini kidogo, ili filamu iwe na uhai. Kwa watu wa viti vya nyuma ilikuwa mvumo tu. Mshonaji alikuwa amesimama kwenye spika. Aliisikia yote: binti juu anashukuru, mama chini anaomba atolewe. Juu anasema asanteni, chini anasema nawakanyaga.

Taa zikawashwa. Watu walikuwa wakilia waziwazi. Mchungaji alichukua maiki, akapita kwenye mstari, kila mmoja akisema "Bwana asifiwe" na kuitikiwa. Alipofika kwa mshonaji alisita, lakini kanisa lilikuwa limepamba moto, na kumruka mtu mbele ya macho yale yote kungeonekana. Akamkabidhi maiki. "Salamu tu, Mdomo wetu," alinong'ona.

Mshonaji alimwona mumewe nyuma kabisa, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akafikiri haraka, kama anavyofikiri mtu aliyeshikwa pande mbili. Alikuwa ameahidi kutosema. Lakini ile lugha humu ndani hakuna anayeijua. Akiyasema maneno ya yule mama kwa lugha ya yule mama, hatakuwa amemvunjia mtu yeyote nyumba, na maneno yale yatakuwa yametamkwa, walau mara moja, mbele za Mungu, na mdomo uliopaswa kuyatamka. Akayasema. Aliyasema yote, taratibu, macho yamefumbwa, na katikati sauti ikamkatika.

Kanisa likalipuka.

"Roho!" mtu alipaza sauti. "Roho ameshuka!" Kinanda kikarukia juu, ngoma ikaingia, watu wakainua mikono, wengine wakaanza kuruka. Alipofumbua macho, Mama Mchungaji alikuwa akimpepea kwa leso, uso umejaa furaha ya kweli kabisa. Walidhani amenena kwa lugha.

Katika kanisa lile palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Mzee wa Maono, ambaye karama yake ilikuwa kutafsiri mtu akinena. Aliinuka sasa, mkono kifuani, na kelele zikapungua kumpisha.

"Bwana anasema," alianza, "nimewafungulia mlango katika nchi ya maji. Bwana anasema, mlienda na lori moja, mtaenda na mengi. Tena anasema, wako humu ndani wanaozuia baraka yao. Fungueni mikono, watu wangu, wala msimrudie mikono mitupu."

"Amina!" kanisa liliitikia, na vikapu vya sadaka vilikuwa vimeshatoka, kana kwamba vilikuwa vikingoja nyuma ya mlango.

Mshonaji alitazama vikapu vikipita mkono kwa mkono, na mikono ile ilikuwa ya watu anaowajua, watu wema, waliotoa kwa machozi. Walikuwa wakilipia watoto wa yule mama kukanyagwa. Alikuwa amefikiri atampa mama yule kidogo, kwa siri, bila kumgharimu mtu, na hata hicho kidogo walikuwa wamekitia kikapuni.

Maiki ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mzee, samahani," alisema. "Hukutafsiri sawa."

Wachache walicheka. Ngoma ikaendelea kidogo, kisha ikasita.

"Sikunena kwa lugha. Hii ni lugha ya watu. Ni lugha ya bibi yangu, alinunulia sabuni dukani kwa hiyo hiyo. Nilikuwa nasema maneno ya yule mama mliyemwona. Sauti mliyoisikia si yake, na maneno si yake. Yeye alisema..."

Maiki ikazimwa. Alisikia ile *tik* ndogo, na sauti yake ikamrudia ikiwa ya kawaida, ya mtu mmoja ndani ya ukumbi mkubwa. Akaitoa kwa nguvu zaidi, ile sauti anayoitia watoto walio mbali.

"Alisema, nitoeni humu. Watoto wangu wamo humu. Nawakanyaga. Mto ule ndio uliowachukua. Niliyatafsiri pale pale, na Mchungaji aliyasikia. Na aliyekata utepe wa mahema ni mimi."

Viti vya mbele vilisikia. Viti vya nyuma viliuliza vya mbele. Kikapu kimoja kilisimama mkononi mwa mwanamke aliyesahau kukipitisha.

"Ndugu zangu," sauti ya Mchungaji ilijaa ukumbi, kwa sababu ameshachukua maiki ya madhabahuni, na hiyo ilikuwa hai, "dada yetu ameona mateso makubwa kule. Adui anapenda kuingilia pale penye ushindi. Wazee, njooni tumwombee."

Wakaja. Ilikuwa mikono mingi, kichwani, mabegani, shingoni, na yote ilisukuma kwenda chini. Akapiga magoti kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kubaki. Juu yake wazee walikemea. Alijaribu kuinuka, mikono ikaongeza uzito, na mtu akasema, "Tulia, mama, tulia, inatoka."

"Mwondoleeni mikono."

Hakuna aliyemsikia mara ya kwanza, kwa kuwa mumewe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa amepita katikati ya kanisa zima na kofia yake mkononi. "Naomba mwondoleeni mikono," alisema tena. "Mke wangu si mgonjwa."

"Dereva, rudi mahali pako," Mchungaji alisema, nje ya maiki.

"Nitarudi, nikiwa naye."

Akawatoa mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayeondoa miba kwenye nguo asiyotaka ichanike. Akamshika mkewe kwapa, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yao kwaya iliambiwa iimbe, ikaimba.

Hawakuwa wamefika kibarazani fundi mitambo alipowakimbilia, anahema.

"Baba, mama, msiwe na hofu," alisema. "Nimewahi kuzima kamera. Kile kipande cha maelezo hakimo. Kilichomo ni ile lugha tu, na imetoka safi sana, mama, mpaka ile sauti ilipokatika. Haitakuharibia jina hata kidogo."

"Mtaitumia?" mumewe aliuliza.

"Kwenye filamu ya safari ya pili. Ndiyo itakayoifungua." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi akakuta mlango umefungwa. "Si vizuri?"

Waliingia ndani. Mumewe alishusha mabegi yaliyokuwa juu ya kabati, akapiga vumbi, akaanza na nguo za mama yake. Baada ya kitambo alisema bila kugeuka, "Ungeniambia utalisema lile, ningekuzuia."

"Najua."

"Ningekuzuia kabisa." Alikunja kanga ya mama yake, haikukaa, akaikunjua, akaikunja tena. "Kuna binamu yangu kule stendi ana chumba cha kuwekea matairi. Tutaanzia hapo."

Mshonaji alivua kizibao, akakitundika msumarini upande wa nje, watakipata. Akapiga magoti kando ya cherehani kufungua mkanda wake, na kwa kuwa alikuwa ameshapiga magoti, akaomba. "Bwana, nilikata ule utepe. Mtazame yule mama. Usimngojee ainue mkono." Mkanda ukafunguka.

Ibada ilipokwisha, mama mkwe alirudi. Hakuwa ametoka nao. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, kama alivyokaa Jumapili zote za maisha yake. Aliona mabegi, hakuuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba wake mapajani, akashusha pumzi ya wazee.

"Walikuwa wakubwa?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Wale watoto."

"Mmoja alikuwa ameanza shule. Mwingine alikuwa wa mgongoni."

"Uliponena mimi nilisema amina," alisema bibi kizee. "Nilisema kwa sauti, watu wakageuka kunitazama. Tena nikatoa." Alifungua mkoba wake, akaufunga. "Kumbe nilikuwa naitikia kilio cha maiti za watoto wa watu."

Aliinuka, akaenda mpaka kibarazani, akageukia upande wa kanisa, akatema mate mbali kadiri umri ulivyomruhusu. Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akarudi ndani, akakunja mikono ya gauni lake la ibada mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele ya mkwewe.

"Haya," alisema. "Hii cherehani, kinatangulia kichwa au inatangulia meza?"